Ubao Uliobaki

Siku hizi kila anayezaliwa hupewa ubao mmoja tu wa kumfunika kaburini. Asiye nao humwagiwa mchanga usoni. Wafiwa wenyewe ndio huchonga jina juu yake, kwa mashine.

Bi Somoe hakuwahi kuigusa. Ubao wa marehemu mumewe hakuubana, ukateleza, ukapasuka. Akaweka wake mwenyewe, huo akaubana, akakosea kina, kisu kikautoboa.

“Mama nawe! Hiyo si mbuzi ya nazi,” alisema bintiye, mtoto mgongoni. “Wangu nilimzikia kaka, wake ulipoharibika. Umebaki wa huyu mtoto.”

Bi Somoe akaubana barabara, akapima kina, akapima tena. Jina la mumewe likatoka safi.

“Sasa umejua, mama.”

“Nimejua,” akajibu, asiweze kumpokea mjukuu aliyekuwa akimnyooshea mikono.