Tundu Nyuma ya Gunia la Makaa

Ukuta wa mwisho wa koridoo ulilia kama debe tupu. Valentin aliugonga tena kwa mpini wa nyundo, kisha akageuka haraka kuangalia kama askari wa mlangoni amesikia. Askari alikuwa anachezea simu yake.

Valentin alikuwa fundi wa mtaa wa Ndosho, mjini Goma, kazi yake kupitisha kebo za mtandao ndani ya kuta za watu. Nyumba hii ya karibu na ziwa ilikuwa ya Mama Pascasie, mjane. Naam, ilikuwa. Tangu wenye bunduki waingie mjini, Afande mmoja alijichukulia vyumba vyote, akamwachia mama jiko na kazi ya kumpikia. Majirani walisema amshukuru Mungu hakufukuzwa. Haya, siku hizi shukrani ndiyo hiyo.

Afande alitaka mtandao ufike chumba cha nyuma leo leo. Asubuhi Valentin alijaribu kuizika kebo uani, akashindwa. Chini ya udongo kidogo ni jiwe tupu la volkano, na sururu ilirudi juu kila alipoipiga.

"Usijisumbue, papa," Mama Pascasie alimwambia huku akiosha sufuria. "Hii parcelle yangu yote ni jiwe, haichimbike. Mie nilishajaribu."

Ikabaki njia moja fupi, kutoboa ukuta wa koridoo. Ndipo Valentin akautazama vizuri. Plasta yake ilikuwa mpya, imepakwa kwa kiganja, si kwa mwiko, na alama za vidole zilionekana wazi. Chini yake mbabula, jiko dogo la makaa, ilifukiza majani ya mikaratusi, moshi ukajaa koridoo nzima. Afande aliuchukia moshi ule, lakini mama alishikilia kwamba ni dawa ya kifua chake.

Tena kulikuwa na maneno aliyoyasikia asubuhi. Alikuwa juu ya plafond, kule darini, akitafuta njia ya kebo, na mama, asijue kuna mtu juu yake, aliketi chini ya ukuta ule akisema polepole: "Tulia, Moïse. Ni fundi tu. Ataenda."

Goma nzima ilijua maana ya mambo kama hayo. Vijana walikuwa wanatolewa nyumba kwa nyumba. Mushagalusa, mdogo wake Valentin, alivutwa kutoka chini ya kitanda, akatupwa ndani ya lori, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Kwao Ndosho kuta ni mbao, na nyuma ya ubao humfichi mtu. Valentin alipoutazama ukuta huu wa mama, aliirudisha nyundo mkobani.

Afande akaja mwenyewe. "Bado tu? Toboa hapa." Kidole chake kiligusa ile plasta mpya.

Mama Pascasie alitoka jikoni mbio na sinia la chai. "Papa fundi, usitoboe pale. Iko tiyo ya maji."

Bomba la maji, katika nyumba inayoletewa maji kwa bidoni kutoka ziwani. Mama mwenyewe alijua uongo wake haukushika. Afande akamgeukia, akamkazia macho.

"Si tiyo, mama, ni nguzo ya beton," Valentin akadakia. "Afande, ona mwenyewe." Akaiweka drili yake pale pembeni penye nguzo ya kweli, akailalia kwa uzito wake wote, akaipinda. Mèche nene ya kutobolea ikakatika.

Afande akamsogelea. Alimpiga puani kwa kitako cha bastola, na Valentin akajikuta amekaa chini, damu imemjaa mdomoni.

"Basi pitisha juu," Afande akasema. "Na isipowaka, tutakuonyesha tunapolaza wajanja." Honi ya gari ikamwita nje, akatoka na askari wake.

Pua itapona, Valentin alijiambia. Kwa mara ya kwanza tangu lile lori liondoke, aliona kuna kitu amefanya. Akasogeza gunia la makaa lililoegemea ukuta, akachukua mèche nyembamba, akatoboa chini kabisa tundu la kuingia kidole. Pua yake iliyoziba damu haikusikia hata moshi wa mikaratusi. Alitega sikio. Ndani kimya kabisa. Kijana hodari, aliwaza, anajua kubana pumzi. Akarudisha gunia mahali pake.

Kebo ilipita juu ya plafond, taa za mtandao zikawaka kule chumba cha nyuma, na Afande aliporudi akaridhika. Valentin alipitia jikoni kunawa uso. Alitoa mkate wake wa mchana ambao hakuugusa, akauweka mikononi mwa mama.

"Mama, nimeelewa yote," alinong'ona. "Wangu walimubeba. Wako hawatamupata. Umupe Moïse huu mukate, na hewa sasa itamufikia. Nimeacha tundu nyuma ya gunia la makaa."

Mama Pascasie aliutazama mkate, akaitazama ile pua iliyovimba. Akainua pembe ya kitenge chake, akamfuta damu taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto wake mwenyewe.

"Mungu akubariki, mutoto yangu," akasema. "Lakini rudi ulifunge lile tundu. Harufu ya Moïse imeisha juzi tu."