Komeo la Nje

Asubuhi majirani walimrudisha tena Mzee Shaali kutoka barabara kuu, yuko peku, akisema anakwenda kwa mama yake. Mchana mkewe, Mwanakombo, akanunua komeo la chuma na kuanza kulifunga nje ya mlango wa chumba chao. Skrubu zikawa zinakwenda upande.

"Lete, bibie, utapasua mbao," alisema Shaali, akaichukua bisibisi mkononi mwake. Jina la mkewe lilikwisha kumtoka, lakini useremala ulikuwa bado umo vidoleni. "Mbona mnaliweka nje? Anafungiwa nani humu?"

"Mgonjwa wetu," alijibu Mwanakombo. "Anatoka, anapotea."

"Maskini. Basi msiache kumsemesha."

Alikaza skrubu ya mwisho, akapuliza vumbi, kisha akaingia chumbani. "Haya, funga, nijaribu kama linashika."

Mwanakombo alilisukuma komeo, likaingia taratibu. Mlango ukatikisika, ukatulia.

"Limeshika kweli kweli!" Shaali alisema kwa furaha kutoka ndani. "Sasa nifungulie, bibie."

Mwanakombo aliegemeza paji la uso kwenye mbao, mkono wake ukiwa juu ya komeo.