Gitaa Kabla ya Kengele

Msimamizi wa pambano alisaini juu ya bandeji za mikono yote miwili, akamwonya Radi asizifungue mpaka pambano liishe. Ndipo binti huyo akakumbuka gitaa la baba yake.

Liliegemea ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo: gitaa la umeme lenye uwazi pembeni na gogo la mbao katikati, ambalo sauti yake hata bila spika humfikia aliye karibu. Tangu ngumi za ridhaa alilipiga kabla ya kila pambano, moyo ukatulia. Leo anapanda ulingoni kama bondia wa kulipwa kwa mara ya kwanza, na vidole vimefungwa kama mzigo wa safari.

Mlango ukafunguka. Alikuwa baba yake, aliyeapa kutokanyaga ukumbi wa ngumi.

"Sikukufuata wewe. Nimekuja kuliangalia gitaa langu."

"Liangalie tu, baba. Mimi leo sina vidole."

Baba akaitazama ile mikono, akacheka puani. Akaketi naye kwenye benchi, akalilaza gitaa juu ya mapaja yao wote wawili, akazibana nyuzi shingoni mwa gitaa.

"Dole gumba unalo. Piga."

Radi akapiga. Sauti ikatoka ndogo, ya joto, ikapenya mbao hadi mbavuni mwake.

"Unakimbia, mwanangu. Nani anakufukuza?"

Akapunguza mwendo. Pumzi zikashuka.

"Bondia!" msimamizi akaita mlangoni.

Radi akainuka. Vidole vya baba vilibaki palepale kwenye nyuzi.

"Nenda," akasema. "Siachii mpaka urudi."