Pikapu ya Tani Mbili

"Mama, chukua hii ya tani moja," dereva alimshauri Nyamizi, akiipigapiga bodi. "Jeneza ni moja tu. Ile ya tani mbili itakula mafuta bure."

"Nipe hiyo kubwa, baba. Mwanangu hawezi kusindikizwa na mama yake peke yake. Mafundi wenzake watajaa humo."

Walipokwisha kupakia jeneza, walisimama mbele ya gereji alikofanya kazi marehemu. Dereva akapiga honi, akangoja, akapiga tena. Fundi mmoja aliinua mkono wenye grisi, kisha akarudi chini ya gari.

"Tuondoke, mama? Njoo ukae mbele."

Nyamizi alikuwa amekwishapanda nyuma. Aliketi kando ya jeneza, akakunja khanga magotini, halafu akajisogeza hadi pembeni kabisa, wengine wapate nafasi.