Benchi la Kona ya Nyuma

Bibi hakunyanyuka kwenye benchi lake la kona ya nyuma hata chokaa ilipomdondokea kwenye kilemba.

"Bibi yangu, sogea basi. Dari hii inashuka leo," mkandarasi alisema.

"Iko juu ya kichwa changu tangu nibatizwe, mjukuu wangu. Haijanidhuru."

Kanisa lilikuwa na zaidi ya karne. Mapadri wa kwanza walilijenga kwa matofali ya kuchoma, wakaipinda dari kutoka ukuta hadi ukuta kama pipa lililopasuliwa katikati. Watu walikuja kutoka mbali kuishangaa. Mkandarasi hakuishangaa hata kidogo. Jipsamu yake ya dari mpya ilikuwa imeshafika kwenye lori, na ulaji wake ulikuwa humo.

"Mwache Bibi," paroko akaingilia. "Kila Jumamosi anasali hapo mpaka mtu wa mwisho aungame. Ana karama huyu, anajua ya moyoni mwa mtu. Juzi kamwambia mhasibu wetu arudishe dizeli ya jenereta, na mhasibu akairudisha analia."

Mkandarasi alicheka kimoyomoyo.

"Na wewe njoo uungame," paroko akaongeza. "Nyumba ya Mungu haijengwi na roho chafu."

Kiti cha kitubio kilikuwa kona ya mbele, upande wa pili kabisa. Mkandarasi akapiga magoti, akanong'ona kwa sauti ndogo mpaka paroko akasogeza sikio: mnara mpya wa kengele alikuwa ameujenga kwa mchanga mtupu, saruji ameiuza. Paroko akampa rozari moja ya kusali na kumwamuru aujenge upya. Mkandarasi akaona rozari inatosha. Padre hana ruhusa ya kumwambia mtu, sasa hofu ya nini?

Alipopita kwenye benchi la Bibi, bikizee alikuwa bado amefumba macho.

"Mchanga umezidi, mjukuu wangu. Mnara ule utawaangukia watoto wa watu."

Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake.

"Nifanye nini, Bibi?"

"Ubomoe. Na dari yangu usiiguse."

Akaubomoa mnara, akaujenga upya kwa saruji ya mfukoni mwake. Jipsamu ikarudi dukani. Mafundi waliomjua hawakuamini macho yao: bosi alikuwa akivua kofia kila akipita kona ile.

Jumamosi iliyofuata, Bibi alikwenda kuungama yeye mwenyewe. Mkandarasi akaona huo ndio wasaa wa kumkagulia benchi lake, asije akaanguka kwa sababu ya mchwa. Akaketi, akajitikisa kidogo. Benchi lilikuwa imara.

Ndipo mnong'ono ukateremka kutoka darini, ukamwingia sikioni kama vile msemaji ameketi ubavuni pake.

"Nimetenda dhambi, Padre. Nimesikiliza tena."

"Umesamehewa, Bibi," paroko akajibu. "Ila benchi usihame."