Mlango Huuliza Mara Moja

Siku hizi mlango wa kila nyumba humuuliza kwanza mzazi kabla ya kumfungulia kijana aliyebadilika sura. Alasiri ile Twaha, mwana pekee wa Mwanakombo, alirudi na nywele za kusokota na suruali iliyochanwa magotini.

"Huyu ni mwanao?" mlango ukauliza.

"Simjui," Mwanakombo akajibu kwa sauti, makusudi Twaha amsikie. Alitaka kumtia adabu tu, mpaka akanyoe.

"Mama, ni mimi."

"Simjui."

Kabla ya magharibi Twaha alirudi na kipara, shati amechomekea vizuri. Mwanakombo akavuta kitasa, kikagoma.

"Fungua, ni mwanangu."

"Nilikuuliza, ukajibu. Nyumba hii haina mtoto."

Kupitia kioo cha mlango alimwona Twaha akijipapasa kipara, akitabasamu, akingoja asifiwe.