Pacha wa Jengo Letu

Kila jengo la mji wetu lina pacha wake ndani ya kompyuta, na pacha ndiye anayejua umeme unaotosha kila chumba. Ukizidisha, unaulizwa. Ukikutwa na mtu asiyeandikishwa, mnahamishwa wote.

Asubuhi ile mkaguzi, Bi Mwanakheri, alisimama mlangoni na kibao chake cha kazi, kile kilichounganishwa na pacha.

"Mwanangu, unachemsha ndoo nzima ya maji asubuhi na jioni. Ya nini?"

"Maharage," nikasema, macho chini.

"Maharage ya dakika ishirini? Nigawie mbegu basi."

Nyuma ya pazia, dada yangu Zuhura alikuwa amempa kichanga titi ili asilie. Hakuandikishwa hapa, wala mwanawe.

Bi Mwanakheri alilitazama pazia, akainama sikioni kwangu.

"Mzazi anakandwa siku ya ngapi?"

Alishajua: maji yale ya moto yalikuwa ya kumkanda Zuhura mwili baada ya kujifungua. "Ya tisa."

"Usiogope. Pacha hajui kukandwa, nitaandika unaumwa mgongo."

Kabla hajaandika, kibao kiliwaka. Tulisoma pamoja: "Nimesikia neno jipya. Kukandwa ni nini? Nikijua, nitawatafuta wanaokandwa katika majengo yote."

Kidole cha Bi Mwanakheri kilibaki hewani. Pacha akauliza tena.